Majibu kwa mnaotaka kuhamia Kampala

Ndugu zangu wa Bukoba na Mwanza, maswali yenu ni yale yale kila mara: Kiswahili kinatosha Kampala? Mtanzania anaonwaje huko? Na kiwanja je, mgeni anauziwa? Naanza na lile mnalolidhania rahisi.

Kiswahili hakitoshi. Mpakani Mutukula kinatosha kabisa, Busia na Malaba pia, na kaskazini, Gulu na Arua, hukosi wa kuongea naye. Kampala ukiuliza njia kwa Kiswahili utajibiwa kwa Kiingereza, na mwingine atakutazama kwanza akupime wewe ni nani. Si kwamba hajui neno hata moja. Wazee wanayajua maneno yetu mengi, ila ni ya aina ya "lala chini", "toa kitambulisho", "panda gari". Hilo la mwisho ndilo jina walilolipa msako wa askari enzi za utawala wa pili wa Obote, miaka ya 1980: mtaa unazingirwa, watu wanapakiwa kwenye malori, na wengine hawakurudi. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu wakati wa mkoloni, na Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, jambo ambalo halikukiongezea marafiki. Hata kabla ya hapo, Gavana Gowers wa Kiingereza alipotaka kukikuza miaka ya 1920, Kabaka (mfalme wa Buganda) Daudi Chwa alikipinga waziwazi kwa kuhofia kwamba kitaimeza Buganda. Kwenye makaratasi mambo ni mazuri: tangu 2005 Katiba inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Sokoni hayo hayajafika. Jifunze Luganda kidogo: "oli otya" (habari yako), "webale" (asante), "ssente mmeka" (bei gani), umwite mwanamume "ssebo" na mwanamke "nnyabo". Bei inashuka hapo hapo. Na dalali akikwambia ana "muzigo" wa kupangisha, usishangae: ni chumba kimoja, si begi.

Kuhusu Utanzania, kuna heshima na kuna donda, na mara nyingi vinakaa kwa mtu mmoja. Jeshi letu lilipoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 pamoja na UNLA, jeshi la raia wa Uganda waliokuwa uhamishoni, wenyeji waliwaita wanajeshi wetu "bakomboozi", yaani wakombozi. Neno hilo lipo hadi leo. Lakini mji wa Masaka, uliotekwa Februari mwaka huo, ulibomolewa vibaya kulipiza kisasi cha yale ambayo jeshi la Amin lilifanya Kagera mwishoni mwa 1978. Mzee wa Masaka anakumbuka yote mawili. Halafu Waganda wengi wanaamini kuwa ni Mwalimu aliyemrudisha Obote mwaka 1980, Obote yule yule aliyetuma jeshi kwenye ikulu ya Kabaka Mei 1966, Kabaka Mutesa akakimbilia Uingereza na kufia huko 1969, na falme zikafutwa kwa katiba ya 1967. Zilirudishwa 1993. Kwa hiyo mkiwa mezani, sifa za Mwalimu zipunguzeni kidogo mpaka mjue mmekaa na nani.

Siasa za sasa mgeni aziangalie kwa mbali. Usivae bereti nyekundu, alama ya wapinzani: tangu Septemba 2019 imo kwenye orodha ya mavazi ya jeshi, na raia anayekamatwa nayo anaweza kushtakiwa. Nguo za madoadoa ya kijeshi ni vivyo hivyo, hata kama ulizinunua mitumbani Kariakoo. Facebook ilifungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na intaneti nzima ilizimwa siku kadhaa, hivyo msitegemee simu kwa biashara wiki ya kura. Wekeni fedha taslimu.

Mtu mnayepaswa kumjua ni mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa. Ni kama mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, ila mizizi yake iko porini, kwenye mabaraza ambayo NRM ya Museveni iliyaunda wakati wa vita vya msituni kabla ya kushika Kampala Januari 1986. Yeye na kamati yake ya watu 10 ndio wanaojua nani analala wapi. Uchaguzi wao wa 2018 watu walipanga mstari nyuma ya mgombea, wakahesabiwa hadharani. Ukipanga nyumba, jitambulishe kwake wiki ya kwanza na pasipoti yako. Barua yake utaihitaji sehemu nyingi. Ukiibiwa, polisi watakuuliza kwanza kama LC1 anakujua.

Kodi ya nyumba ina sheria ya 2022: dhamana isizidi kodi ya mwezi mmoja, na kodi isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Wenye nyumba wengi bado wanataka miezi 3 mkononi. Zungumzeni, kisha mkataba uandikwe.

Sasa kiwanja, ambacho ndicho kinachowaliza wageni. Kwetu ardhi yote ni ya umma chini ya Rais. Ukiingia Buganda, ambako Kampala imo, na akili hiyo umeliwa. Katiba ya 1995 inatambua umiliki wa aina nne: wa kimila, frihodi (milki ya kudumu), mailo na lizi (ya kukodi kwa muda). Mailo ni maili za mraba zilizogawiwa katika Mkataba wa Buganda wa 1900. Kabaka alipata 350, machifu na wakubwa wengine wakatengewa 8,000, na waliokuwa wakilima humo wakaamka wapangaji kwenye migomba ya babu zao, wanamlipa mwenye hati ada ya busuulu. Sheria ya 1928 ikamzuia mwenye hati kupandisha busuulu na kufukuza watu ovyo. Amin akatangaza 1975 kuwa ardhi yote ni ya umma, Katiba ya 1995 ikairudisha mailo. Ndiyo maana kipande kimoja kina wenyewe wawili: mmoja ana hati, mwingine ana kibanja (sehemu anayokalia na kulima), nyumba na makaburi ya wazee wake, na sheria inawatambua wote.

Dalali atakuonyesha kibanja cha bei nafuu. Ni nafuu kwa sababu unachouziwa ni haki ya kukaa, si ardhi. Tena mwenye kibanja akiuza bila kumpa kwanza mwenye hati nafasi ya kununua, anapoteza haki hiyo. Na asiye raia haruhusiwi kumiliki mailo wala frihodi. Kinachobaki ni lizi isiyozidi miaka 99. Msije na hoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: itifaki ya Soko la Pamoja iliacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi.

Ukitaka lizi, chukua namba ya bloku na ya ploti, ukapekue ofisi ya ardhi na wakili wako mwenyewe, si yule aliyeletwa na dalali. Angalia jina la mwenye hati, deni la benki, na zuio lolote lililoandikwa. Kisha mpimaji afungue mipaka majirani na LC1 wakiwapo, maana hati huwa ya kweli na ploti uliyoonyeshwa ikawa ya jirani. Hesabu vibanja vilivyomo: wenyewe hawaondoki bila amri ya mahakama, hata ukishasaini. Kama ni nyumba au shamba la familia, mke au mume wa anayekupa lizi naye asaini ridhaa. Bila hiyo mkataba hauna nguvu. Ardhi ikiwa ya Kabaka, nenda Buganda Land Board yenyewe, ndiyo inayosimamia ardhi yake. Lizi ya miaka 5 au zaidi lazima isajiliwe.

Ile njia ya mkato ya kuandikisha hati kwa jina la rafiki au mchumba wa huko, wengi wameijaribu. Siku mkigombana, daftari la ardhi litakuwa na jina moja tu, na si lako.