Gesi asilia na hewa ya mji: niliyoyaona Mtwara

Wakuu, salaam. Mleta uzi ameuliza kama ni kweli mji ukiacha makaa ya mawe na kuhamia gesi asilia hewa yake inasafika, au ni maneno ya wauza gesi. Akaongeza: kama ni kweli, mbona sisi Mtwara tumekalia gesi miaka yote hii na vifua bado vinabana? Nimezaliwa na kukulia Mtwara, nimeishi na mkaa jikoni na makaa ya mawe barabarani, kwa hiyo swali hili linanigusa.

Ni kweli. Gesi ya Mnazi Bay, kisima chetu cha hapa Mtwara, karibu yote ni methani. Ikiungua vizuri inatoa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji, haiachi majivu. Makaa ya mawe yana salfa, yana majivu, na moshi wake hubeba vile vichembe vidogo kuliko mikroni 2.5 ambavyo pua haivizuii. Vinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na vingine vinaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango cha juu linachopendekeza cha vichembe hivyo hadi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa mwaka. Awali kilikuwa 10.

Mfano ninaoupenda ni wa Dublin. Tarehe 1 Septemba 1990 Ayalandi ilipiga marufuku kuuza makaa ya mawe yenye moshi ndani ya jiji hilo, na moshi mweusi angani ukapungua kwa takriban asilimia 70. Katazo lile lililenga makaa ya kupashia nyumba joto, yale ya sebuleni kwa watu. Moto uliokuwa karibu na pua ndio uliozimwa.

Sasa rudi kwetu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Bomba kubwa la kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, linapita zaidi ya kilomita 500, na gesi ile inazalisha umeme. Ni jambo jema kwa nchi nzima. Lakini moshi wa mitaa yetu ya Mtwara, kama Chikongola au Magomeni, jioni hautoki kwenye mtambo wa umeme, unatoka kwenye majiko yetu.

Mama yangu amekaanga samaki na maandazi ya kuuza kwa zaidi ya miaka ishirini, kwenye kibanda cha makuti kilichoegemea ukuta wa nyumba. Mkaa ukishakolea hauna moshi wa kuonekana, ndiyo maana wengi wanaamini ni salama, kumbe ndio wakati unamwaga kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kila alfajiri alikuwa anaanza kwa kukohoa kabla hata hajawasha jiko. Dada yangu alipounganishiwa bomba la gesi nyumbani kwake, tukamwomba mama ahamishie kazi pale. Wiki ya kwanza alilalamika kwamba moto wa gesi hauna nguvu. Nikaenda kuangalia, nikakuta ndimi za njano zinalamba sufuria na chini pameshaanza kushika masizi. Matundu ya kuingizia hewa yalikuwa yamezibwa na mafuta ya samaki. Tulipoyasafisha moto ukageuka buluu na ukatulia. Ile sufuria ninayo hapa, kitako chake kinang'aa. Zamani nilikuwa naisugua kwa mchanga na majivu mpaka kucha zinaingia weusi.

Kikohozi cha mama kimepungua sana, hakijaisha. Miaka ishirini ya moshi haifutwi na miezi michache. Inaniuma kwamba tulichelewa.

Hapo kwenye jiko nieleze kitu kwa wanaotaka kuhama. Jiko la mtungi ukiliunganisha kwenye gesi ya bomba bila fundi kubadilisha kile kitundu cha kutolea gesi, halifanyi kazi vizuri, kwa sababu gesi asilia inahitaji tundu kubwa zaidi. Pia gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Gesi asilia ni nyepesi, inapanda juu. Kwa hiyo chumba chenye jiko la bomba kiwe na tundu la hewa karibu na dari. Ukisikia ile harufu kali, usiguse swichi ya taa. Fungua madirisha, funga koki, toka nje.

Sehemu ya pili ya malalamiko yangu ni barabara. Miaka ya karibuni makaa ya mawe ya Ruvuma yamekuwa yakipita bandarini Mtwara kwenda nje ya nchi, na malori yake yanapita kwenye makazi ya watu. Lori lenye turubai lililofungwa vizuri halina tatizo. Lililofungwa ovyo utalijua kwenye kamba ya nguo: Ijumaa moja nilianua kanzu yangu nikakuta vidoa vyeusi mabegani, nikavipangusa kwa kidole vikatanuka kama wino. Mwanangu mwenye pumu anacheza uwanja huohuo. Yaani makaa yanakwenda kuchomwa mbali huko, sisi tunabaki na vumbi lake juu ya gesi yetu wenyewe.

Wako watakaosema tupige marufuku mkaa kesho. Mimi nakataa. Kaskazini mwa China, majira ya baridi ya 2017, watu walinyang'anywa majiko ya makaa ya mawe kabla gesi haijatosha, na katika jimbo la Hebei kuna watoto wa shule walisomea nje juani kwa sababu madarasa hayakuwa na joto. Bomba litangulie, mkaa ufuate kuondoka. Mkakati wetu wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo 2034. Basi mitaa ya Mtwara na Lindi, ambako gesi inatoka, iwe ya mwanzo kupewa mita.

Na wewe mleta uzi, kama bomba halijafika mtaani kwenu, anza leo na hili: toa jiko la mkaa chumbani au barazani, liweke uwanjani upande ambao upepo wa bahari hauurudishi moshi ndani. Kisha ongea na majirani mwende pamoja ofisi ya serikali ya mtaa na majina ya kaya zinazotaka kuunganishwa. Mtaa wa dada yangu ulianza hivyo, kwa karatasi moja ya daftari.