Jibu: Namna ya kutambua spea za breki za upepo za malori ya zamani

Mkuu, salaam. Umeuliza kuhusu sanduku la spea lililobaki gereji ya baba yako mdogo: vipande vitatu vya breki za upepo, namba hazisomeki, na mnunuzi wa chuma chakavu ameshataja bei. Usimuuzie. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, na spea za namna hiyo ndizo zinazorudisha barabarani malori ambayo spea zake hazipatikani tena madukani.

Kwanza weka pembeni grainda na msasa. Kwenye valvu nyingi za zamani maandishi yametokeza kwenye mwili wenyewe, tangu chuma kilipomwagwa kiwandani. Ukisugua, yamekwenda. Loweka kwenye dizeli usiku kucha, piga brashi ya plastiki, kisha mulika tochi kutoka ubavuni.

Angalia maandishi yaliyo karibu na kila tundu. Valvu za kampuni ya Bendix-Westinghouse ya Marekani huandikwa SUP panapoingia upepo wa tenki, DEL panapotoka kwenda breki, SERV au CON panapoingia amri ya pedali, na EX pa kutolea nje. Za Ulaya za baadaye zina tarakimu: 1 upepo unaingia, 2 unatoka kwenda breki, 3 unamwagwa nje, 4 amri. Ukikuta namba ya tarakimu kumi ya WABCO, kampuni ya kutengeneza breki za upepo, tatu za mwanzo zinakutajia ukoo: 411 ni kompresa, 423 ni busta (kopo lenye mpira ndani linalogeuza upepo kuwa msukumo wa breki), 461 ni valvu ya pedali.

Kile cha alumini chenye tundu moja juu, mawili ubavuni na mpira unaoonekana chini, kwa picha yako naona ni valvu ya kuachia haraka. Ihakikishe kwa upepo mdogo. Ukiingiza juu, utoke ubavuni kote kuwili; ukikata, ule wa ubavuni umwagike chini kwa mkupuo. Relei, yaani valvu inayopokea amri ya pedali na kupeleka upepo wa tenki kwenye breki, haifanani nayo, kwa sababu lazima iwe na tundu lake la kutoka tenkini mbali na lile la amri.

Hicho chenye pedali kina tundu moja la kuingiza na moja la kutoa, maana yake ni cha mfumo wa njia moja, yaani breki zote zinategemea mkondo mmoja wa upepo. Marekani ilianza kutumia kanuni mpya za breki za upepo kwa malori mapya mwaka 1975, na tangu hapo njia mbili zikawa jambo la kawaida. Chako kina umri.

Busta pima kwa kalipa, ukingo hadi ukingo wa ringi inayobana. Ukipata kama milimita 206, hiyo ni namba 30. 184 ni namba 24. 172 ni namba 20. Namba hiyo ni eneo la mpira kwa inchi za mraba, kwa hiyo namba 30 ikipewa psi 60 (pauni kwa inchi ya mraba) inasukuma pauni 1,800. Ndiyo maana ekseli moja haifungwi 24 kushoto na 30 kulia: lori litavuta upande.

Sasa uzi wa matundu, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Mmarekani anatumia uzi wa bomba uitwao NPT, Mwingereza ule wa BSP, Mjerumani wa milimita, mara nyingi M22 kwa 1.5, yaani kipenyo milimita 22 na milimita 1.5 kutoka jino hadi jino. NPT na BSP za nusu inchi zote zina meno 14 kwa inchi, ila pembe ya jino ni 60 kwa NPT na 55 kwa BSP. Kwa hiyo zinaingiana, zinakaza, na zinavuja. Niliwahi kuletewa Leyland ya kubeba mbao ambayo breki za nyuma zilichelewa kushika. Valvu ilikuwa nzima, ila kiwiko cha NPT kilikuwa kimelazimishwa kwenye tundu la BSP. Za robo inchi ni rahisi kuzitofautisha: NPT ina meno 18, BSP 19. Nunua geji ya uzi, haina gharama kubwa.

Kama ndani ya sanduku kuna busta ya springi, ile yenye vyumba viwili, usifungue ringi ya nyuma hata kama iko mezani bila upepo. Springi iliyomo imebanwa na inaua.

Weka picha za kila tundu ukiwa na rula pembeni, na upande wa chini wa hiyo valvu ya pedali. Nikiona mpangilio wa boliti zake nitakuambia inakaa kwenye gari lipi.