Ningeanza na Baraza

Assalaam alaykum, Mhariri.

Wiki hii mmetuuliza: tungepewa sura ya nje ya makumbusho ya mji wetu tuibadilishe ili watu wavutike nayo, tungeanzia wapi? Mimi ni fundi wa chokaa. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar nimezipiga lipu zaidi ya miaka thelathini. Ningeanzia chini kabisa, kwenye baraza, kile kiti kirefu cha mawe kilichoungana na ukuta wa nje.

Najua wengi wakisikia "kubadilisha sura" fikra zao huenda kwenye vioo, rangi na mabango makubwa. Mji huu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na ukuta wa zamani hauchezewi ovyo. Nakubali, tena kwa moyo wote. Lakini tusidanganyane kwamba sura hizi hazijawahi kuguswa. Tazama Beit el Ajaib, lile jumba la pwani lililokuja kuwa makumbusho. Sultani wetu Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883, na ule mnara wa saa tuliouzoea haukuwepo. Mnara ulikuwa mbali na jumba, mbele yake. Manowari za Kiingereza zilipoupiga mji Agosti 27, 1896, katika vita ambavyo havikufika hata saa moja, mnara ule ukaharibika, na baadaye ndipo ukajengwa huu mwingine, safari hii usoni mwa jumba lenyewe. Kwa hiyo sura tuliyoililia Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya mbele ilipoporomoka na watu wawili wakafariki, Mungu awarehemu, ilikuwa tayari imeshabadilishwa mara moja. Waliobadilisha walitaka mji uione saa. Sisi leo tunataka nini?

Nitawaambia ninachokitaka mimi na kwa nini. Siku moja nilimchukua mjukuu wangu wa miaka tisa kwenda makumbusho moja hapa kwetu. Tulifika mapema, mlango bado umefungwa, jua limeshachoma. Tukatafuta pa kukaa. Hapana. Ukuta mweupe umeshuka moja kwa moja mpaka njiani, hauna hata ukingo wa kuegesha mfuko. Tukajibanza kwenye kivuli chembamba kama utepe, na pesa za tiketi ninazo mfukoni. Mlinzi akaja, akasema kwa adabu: "Mzee, hapa hapasimamwi, wageni wanapita." Tukasogea. Mtoto akaniuliza, "Babu, kwani sisi si wageni?" Nikakosa jawabu, na mpaka leo sijalipata.

Yule mlinzi simlaumu. Kosa ni la ukuta. Nyumba ya Kizanzibari humpokea mtu kabla ya mlango kufunguliwa. Unapita, unasalimia, unaambiwa "karibu", unakaa barazani, unapewa gahawa, na hapo hujaingia ndani bado. Masika yakija na njia zikawa mito, watu hupita juu ya baraza za wenzao na hakuna anayeuliza. Ile baraza ni mali ya mwenye nyumba na ni ya mpita njia pia. Makumbusho yakikosa baraza yanamwambia mpita njia: ama kata tiketi, ama ondoka zako.

Baraza hizo ningezijenga kwa jiwe la matumbawe, chokaa na mchanga, urefu wa goti la mtu mzima, upana wa kutosha watu wawili na ubao wa bao katikati yao. Saruji nisingeitia. Jiwe letu linavuta unyevu na chumvi. Chokaa inauacha unyevu utoke, saruji inaufungia ndani mpaka lipu inamenyeka kama ganda la yai. Na chokaa haitaki haraka, hulazwa majini miezi kadhaa ndipo ikalainika vizuri. Pembe ningezizungusha, zisimuumize mtoto. Baada ya miaka michache baraza kama hiyo hung'aa yenyewe kwa kukaliwa, na hakuna fundi anayeweza kuutengeneza mng'ao ule.

Jambo moja tuliseme wazi: baraza za mtaani zimekuwa za wanaume. Mwanamke hupita haraka, macho chini. Nisingelirudia kosa hilo. Tazama bustani ya Forodhani baada ya magharibi: kina mama wamejaa na watoto wao, mikeka imetandikwa, urojo na mishikaki, vijana wanajirusha baharini tangu alasiri. Mji mzima uko pale, hatua chache tu kutoka Beit el Ajaib. Basi baraza ziwe za upande huo pia, ziangaliane na bustani, ziwe na kivuli mchana na taa usiku, mwanamke akae na wanawe bila kutazamwa kama amepotea. Jumba lile ndilo lililotangulia kuwaka umeme katika mji huu, ndiyo watu wakaliita la ajabu. Haifai liwe giza saa ambazo watu wako nje.

Tena mbele pale ningeweka banda la makuti, wakae mafundi washone mtepe, jahazi la kale la pwani yetu. Zamani ndani ya jumba palikuwa na mfano wa chombo hicho, mbao zimeshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na watoto wa skuli walikuwa wakiukodolea macho. Kazi ile ikitolewa nje, mtu anayekwenda zake sokoni atasimama, atauliza, atashika kamba. Nimesoma kwamba Paris waliojenga jengo la makumbusho la Pompidou, lililofunguliwa mwaka 1977, waliacha karibu nusu ya kiwanja wazi ili watu wakae tu. Sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo kujifunza, wazee wetu walikuwa wakiacha uwazi huo mlangoni mwa kila nyumba.

Gharama ya baraza hizo ni ndogo kuliko ya mlango mmoja wa kuchonga. Wenye mamlaka wakikubali, mawe yapo na vijana wa kufundishwa wapo. Chokaa ya baraza ya kwanza ninayo mimi, nimeilaza shimoni tangu mwaka jana. Imeshaiva.