Kabla hujaandika "mkono wa kushoto umelala"

Wadogo zangu wa kazi hii ya kusaka wasanii wapya wa kusaini, wiki iliyopita nimepokea video tatu za binti yuleyule anayeimba huku akipiga piano, kutoka kwenu watatu mliokuwa ukumbi mmoja. Zote zinaanzia wimbo wa mwisho kasoro mmoja. Kwa hiyo mlichelewa pamoja, mkarekodi pamoja, na mkaniandikia neno moja: "Yuko vizuri." Ahsanteni. Hilo hata mama yake analijua.

Haya, naandika mara moja tu.

1. Fikeni wakati wa kupima sauti. Msanii chipukizi anayefungua pazia hupewa dakika za kuhesabu, tena wakati mwingine hapewi kabisa, na hapo ndipo utamjua: anavyoomba monita, ile spika inayomwelekea yeye ili ajisikie, iongezwe bila kumgombeza fundi mitambo, na anachokata kwenye orodha yake ya nyimbo akiambiwa muda umeisha.

2. Simu mfukoni. Spika ya simu haina besi, kwa hiyo mnaniletea nusu ya piano.

3. Angalieni nyuma ya kinanda. Hapa nivumilieni, maana nina dhambi yangu.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenye kazi hii, na kiburi cha miaka ishirini. Nikatumwa kumsikiliza dada mmoja aliyekuwa akifungua pazia. Sauti yake ilinisisimua tangu mstari wa kwanza. Lakini piano ilikuwa nyembamba kama inatoka kwenye kopo: noti za juu zinang'aa, za chini, zile za mkono wa kushoto, hazipo. Nami nikakunja uso kama mjuzi, nikatoa daftari. Nyimbo tatu, nikaondoka. Ripoti yangu naikumbuka neno kwa neno: "Sauti ya kipekee. Mkono wa kushoto umelala. Tumsikilize tena baada ya mwaka." Mkubwa wangu aliniamini, na mlango ukafungwa.

Mnajua vinanda vyetu vina matundu mawili ya kutolea sauti, kushoto na kulia. Ukiwa na waya mmoja unachomeka kushoto, palipoandikwa mono, na kinanda chenyewe kinaunganisha pande zote mbili. Ukichomeka kulia peke yake, unapata upande mmoja, na kwenye milio mingi ya piano besi imeegemea upande ule mwingine. Usiku ule ulikuwepo waya mmoja, na ulichomekwa kulia. Nilikuja kuambiwa na fundi mwenyewe, tena akicheka, akidhani ni kisa cha kuchangamsha baraza. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Kinachoniuma si waya. Nilikuwa nimekaa safu ya pili, upande wa kushoto wa steji. Niliuona ule mkono. Ulikuwa unashindilia vibonyezo mpaka kinanda kinayumba kwenye stendi yake, kwa sababu hata yeye hakuwa anaisikia besi kwenye monita na alikuwa akiitafuta kwa nguvu. Macho yangu yaliona mkono unahangaika, na kalamu yangu ikaandika umelala.

Miezi minane baadaye nikamkuta kwenye ukumbi mdogo wenye piano halisi, kifuniko wazi, hakuna waya hata mmoja. Alipogusa noti za chini nilihisi miguuni. Baada ya shoo nikaenda kujitambulisha, naye akalijua jina langu. Ripoti ilikuwa imemfikia, nani alimpa sijui hadi leo. Akaniambia, kwa heshima zote, "Nilikusikiliza, kaka. Miezi mitatu nimefanyia mazoezi mkono wa kushoto peke yake." Na akanishukuru! Nikashindwa kusema kitu. Nilimweleza ukweli baadaye sana, wakati ameshasaini na watu wengine. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kumbe waya?"

4. Msikilizeni mara tatu, kumbi tatu tofauti, kabla ya kuandika sifa au kasoro yoyote.

5. Acheni swali la "ni mwimbaji anayepiga piano, au mpiga piano anayeimba?" Nina Simone, yule mwimbaji na mpiga piano wa Marekani, alitaka kuwa mpiga piano wa muziki wa klasiki. Mwaka 1954 alipata kazi ya kupiga piano kwenye baa moja Atlantic City, na mwenye baa akamwambia kama anataka kubaki na kazi, aimbe pia. Mngekuwa ninyi pale usiku wa kwanza mngemwandikia "haimbi".

6. Akija na bendi, sikilizeni anavyowaachia wenzake nafasi. Elton John, Mwingereza anayeimba huku akipiga piano, alipopiga shoo yake ya kwanza Marekani, pale ukumbi wa Troubadour, Los Angeles, Agosti 1970, nyuma yake walikuwepo mpiga besi na mpiga ngoma tu. Hapakuwa na gitaa la kuficha chochote, piano ilibeba yote. Chipukizi wengi wakipata mpiga besi wanaendelea kujaza noti zilezile za chini, na mnabaki na uji mzito.

7. Kula kabla ya shoo.

Yule binti wa video zenu anafungua pazia tena Ijumaa. Mtanikuta nimechuchumaa nyuma ya kinanda chake kabla milango haijafunguliwa, nahesabu nyaya.