Rimu ya Karatasi na Nauli ya Mpunguzi

Nina kibanda cha steshenari hapa Dodoma mjini, si mbali na soko la Majengo. Kopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, basi. Ukikaa kwenye kazi hii miaka tisa unawatambua wenye kesi kabla hawajafungua mdomo. Karatasi zao zimo kwenye bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne na kufungwa kwenye ncha ya kitenge. Wakishaifungua wanafuta kwanza vidole, halafu ndiyo wanakupa. Wanataka nakala tatu, na hela waliyonayo ni ya nakala moja.

Bahasha hiyo nami nimeibeba, na aliyenivusha ni msaidizi wa kisheria. Leo nataka tuone watu kama huyo nasi tunawasaidiaje.

Baba alifariki 2014, akaacha shamba la zabibu la ekari mbili na nusu Mpunguzi, barabara ya Iringa. Hatukufungua mirathi. Mama alikuwa analima, sisi tunamsaidia wakati wa mavuno, hakuna aliyeona haja ya kwenda mahakamani kwa ajili ya mizabibu. Kisha Serikali ikahamia Dodoma, mji ukatanuka, na sehemu tuliyokuwa tunaiita porini ikaanza kuulizwa bei na watu wenye magari. Mwaka 2019 baba mdogo akauza ekari moja, akisema ni ardhi ya ukoo. Hakumwambia mtu. Mama alijua siku alipokuta vigingi vimesimikwa katikati ya mizabibu yake.

Tulibishana kifamilia karibu miaka mitatu. Halafu mimi, msomi wa nyumba, nikafanya kosa ambalo naliona kila wiki likifanywa na wateja wangu: nikamlipa kishoka, yaani mtu anayejifanya wakili. Alikuwa na suti, mkoba, na maneno mengi ya kisheria. Shilingi 180,000, bila risiti. Akafungua shauri kwa jina la mama moja kwa moja kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Upande wa pili wakaweka pingamizi, na shauri likatupwa hata shamba lenyewe halijatajwa. Kwanza, mama hakuwa msimamizi wa mirathi, kwa hiyo kisheria hakuwa na nafasi ya kudai mali ya marehemu. Pili, hatukupita baraza la kata. Simu ya bwana mkubwa tangu siku hiyo haipatikani.

Jirani ndiye aliyetupeleka kwa msaidizi wa kisheria, mama mmoja mwalimu mstaafu anayekaa kwenye chumba cha kuazimwa chenye meza moja na benchi. Nikamwamkia, akaitikia, nikaanza kumsimulia ubaya wa baba mdogo. Akaninyanyulia mkono.

"Mwanangu, msimamizi wa mirathi ni nani?"

Nikasema hakuna. Akasema, "Basi bado hamna kesi. Mna ugomvi."

Kazi ikaanza upya: kikao cha ukoo na muhtasari wake wenye sahihi, cheti cha kifo, kisha Mahakama ya Mwanzo, ambako mama aliteuliwa kuwa msimamizi baada ya kueleza kwa nini tulichelewa vile. Ukishateuliwa, hujamaliza. Ndani ya miezi minne unatakiwa urudishe mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawo, fomu namba 5 na namba 6, na nimeona familia nyingi zikiishia njiani hapo wakidhani barua ya uteuzi ndiyo mwisho wa safari. Baada ya hapo tukaenda baraza la kata. Tangu sheria ibadilishwe 2021, baraza la kata haliamui tena kesi ya ardhi. Linasuluhisha, na lina siku 30. Likishindwa linathibitisha kwamba limeshindwa, na hapo ndipo mlango wa wilaya unafunguka. Sisi hatukufika huko. Mnunuzi naye alikuwa ametapeliwa kama sisi, na alitaka hela yake tu. Ikaandikwa kwamba baba mdogo amrudishie kwa mafungu. Vigingi viling'olewa mwezi wa saba, mizabibu ikiwa imeshakatiwa.

Tulicholipa ni ada za mahakama, kopi na nauli. Yule mama hatukumlipa hata senti, na si kwa sababu ya wema wake pekee. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na kutaka wasajiliwe, na inataka huduma hiyo iwe bure. Pia haiwaruhusu kusimama mahakamani kama mawakili. Wao wanakuelekeza mlango sahihi, wanakusaidia kuandika, wanasuluhisha, na jambo likiwazidi wanakupeleka kwa mawakili wa mashirika kama TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Kwa hiyo ukiombwa "hela ya karani" na mtu anayejiita msaidizi wa kisheria, omba kuona usajili wake. Na anayejiita wakili, mtafute jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Ningeifanya hiyo dakika moja, ningebaki na 180,000 yangu.

Siku moja, mambo yakiwa yametulia, nilimuuliza yule mama bodaboda ya Mpunguzi analipiwa na nani. Akacheka. Akafungua droo akanionyesha daftari: safari, tarehe, kiasi, na safu ya mwisho imeandikwa "mwenyewe", "mwenyewe", "mwenyewe", ukurasa mzima.

Hapo ndipo nataka tuzungumze, ndugu zangu, hasa sisi tuliokwisha kusaidiwa. Tunaondoka na ushindi wetu, tunashukuru Mungu kanisani au msikitini, na yule mtu tunamwacha na daftari lake.

Mchango wangu wa kwanza ulikuwa wa kipuuzi. Nilichapisha fulana ishirini zenye maneno makubwa mgongoni, nikazipeleka kwa mbwembwe. Akazipokea kwa heshima, kisha akaniuliza taratibu kama fulana hizo zitampeleka Mpunguzi. Tangu siku hiyo nauliza kabla ya kutoa. Majibu huwa madogo kuliko unavyodhani: rimu ya karatasi, bando la kupigia mabaraza, nauli, kabati lenye kufuli la kuwekea majalada ya watu ili yasisomwe na kila anayeingia. Mimi natoa kopi bure kwa kila anayekuja na kikaratasi chenye sahihi ya yule mama. VICOBA yetu ya akina mama 24 tunaweka shilingi 1,000 kila mmoja kwa mwezi, ni 24,000, inatosha safari kadhaa za vijijini. Zinaandikwa kwenye daftari lilelile, ila safu ya mwisho sasa inasomeka "kikundi".

Kama huna hela, una mdomo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mwombe mwenyekiti ampe msaidizi wa kisheria robo saa, asemee mirathi na wosia kabla watu hawajaanza kuondoka. Mwulize diwani wako, mbele za watu, chumba kimoja cha ofisi ya kata kwa ajili ya msaidizi huyo kinashindikana nini. Wakati wa Wiki ya Sheria, mwishoni mwa Januari, mabanda hujaa watoa huduma wa bure: mpeleke shangazi yako hata kwa kumlipia daladala. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 nayo imefikia watu ambao hawajawahi kuonana na mwanasheria, siwezi kuibeza. Ila hema hufungwa jioni. Mirathi inachukua miezi, na mtu wa kukumbusha fomu namba 5 lazima awe anaishi hapo hapo. Mashirika nayo yanategemea sana wafadhili wa nje, na 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake sote tuliona jinsi fedha ya namna hiyo inavyoweza kukatika kwa tangazo moja.

Jambo moja naomba tusilifanye kwa jina la msaada: kumshinikiza mtu apatane. Ardhi na mirathi vinasuluhishika. Mtoto aliyebakwa au mke aliyevunjwa mkono si wa kikao cha ukoo, ni wa Dawati la Jinsia na Watoto polisi, siku hiyohiyo.

Na usichague nani anastahili. Hili limenijia mwenyewe kibandani, mwaka huu. Jioni moja namwona baba mdogo amesimama nje, hajaingia, ameshika bahasha ya kaki. Tangu baraza la kata tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu. Alikuwa mlinzi wa kampuni moja hapa mjini, ameachishwa kazi kwa barua ya mistari minne bila kusikilizwa. Nikaangalia tarehe, nikahesabu kwa vidole: siku ya 26. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ukichelewa, unaanza kuomba kwanza usamehewe kuchelewa.

Nikampigia yule mama. Akasema mlete kesho saa mbili asubuhi. Hakuuliza ni baba mdogo yupi, ingawa nina hakika alijua.

Nikatoa kopi za barua, za mkataba, za kitambulisho, tatu tatu, nikazibana kwa pini. Baba mdogo akaingiza mkono mfukoni.

"Kiasi gani, mwanangu?"

Nikamwambia saa mbili asichelewe.