Marimba badala ya fidla si kuharibu opera

Umeuliza kama Isango Ensemble, kundi la waimbaji wa Cape Town, waliiharibu La bohème, opera ya mtunzi Mwitaliano Puccini, kwa kuondoa fidla na kuweka marimba. Kwangu mimi, hapana kabisa. Opera hiyo ilioneshwa mara ya kwanza Turin mwaka 1896, Toscanini akiongoza okestra. Kiini chake ni vijana mafukara wa Paris: chumba baridi, Mimì anakohoa, Rodolfo anampenda lakini hana hela ya kumtibu. Ni kifua kikuu. Afrika Kusini ugonjwa huo bado unaua vijana, kwa hiyo hadithi hii ni yao hasa. Mwaka 2012 Isango waliipeleka kwenye ukumbi wa Hackney Empire, London, wakishirikiana na Mfuko wa Dunia unaopambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria. Tena sikiliza: mlio wa marimba hukatika upesi, hauvutiki kama wa fidla, hivyo uchungu wote unabebwa na koo la mwimbaji. Mimi hapo ndipo ninapolia. Tafuta filamu yao ya 2015, Breathe Umphefumlo, ambamo kisa kimehamia Khayelitsha, kitongoji cha Cape Town.