Moshi wa mkahawani: anzeni na visahani vya majivu

Waalaikumu salaam, dada. Umesema mkahawa ulio chini ya nyumba yenu hapo Chake Chake hujaa moshi wa sigara kila jioni, mtoto ana pumu, na mwenye mkahawa anajibu kwamba ameshaweka feni na meza ya wavutaji pembeni.

Feni haisaidii, inautawanya moshi tu. Chembe zake ni ndogo mno, zinapita kila uwazi hadi dirishani kwenu, na ndani yake mna kemikali zaidi ya 7,000, nyingine za saratani. Meza ya pembeni nayo ni bure. Hewa ni ile ile moja.

Mwendeeni asubuhi, wateja hawajajaa, wewe na jirani mmoja au wawili. Muombeni kwa upole aondoe visahani vya majivu, maana kikiwapo mezani mtu anajiona karuhusiwa, na abandike tangazo mlangoni. Wavutaji watoke nje kabisa, hatua kumi au zaidi. Wengi hukosea hapa: huwaweka barazani, chini ya dirisha, moshi ukarudi ndani. Mhudumu awe na kauli moja tu: "Samahani mzee wangu, sigara ni nje." Na mkumbusheni kwamba wahudumu wake ndio wanaovuta moshi huo kutwa.

Akikataa, andikeni tarehe na saa kwa wiki mbili, kisha mpelekeeni sheha barua yenye saini za majirani. Kwa sasa mhamishie mtoto chumba cha upande wa pili, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu.